Kusoma Picha ya Kaburini: Hariri ya Mawangdui

Wahenga walisema macho hayana pazia. Lakini kuona si kusoma. Asiyejua herufi huiona barua nzima, wino wake na karatasi yake, asipate hata neno moja. Ndivyo zilivyo picha nyingi za kale, hasa zile zilizofukiwa pamoja na wafu. Twataka kuitazama moja, tuonyeshe jinsi ipasavyo kusomwa, na mahali ambapo wasomaji wake wamekwenda mbio mno.

Mwaka 1972, mahali paitwapo Mawangdui karibu na mji wa Changsha katika nchi ya China, lilifunguliwa kaburi la bibi mmoja, Xin Zhui, mke wa Li Cang, aliyekuwa waziri mkuu wa ufalme wa Changsha. Bibi huyo alikufa katika karne ya pili kabla ya Kristo. Yalikuwapo majeneza manne, moja ndani ya jingine, na juu ya lile la ndani kabisa ilitandazwa hariri yenye picha, uso wake ukielekea chini. Urefu wake ni sentimeta 205, nayo ni pana juu na nyembamba chini, mfano wa kanzu iliyoanikwa.

Msomaji mwenye haraka huanza juu, kwa kuwa huko ndiko kwenye maajabu. Upande wa kuume pana jua jekundu lenye kunguru mweusi ndani yake. Upande wa kushoto pana mwezi mwandamo wenye chura na sungura. Na katikati yuko mtu mwenye mkia wa nyoka. Huyo amewashughulisha sana wenye elimu. Wengine wamemwita Nüwa, wengine Fuxi, wengine Zhulong, na majina hayo yote yatoka katika hadithi za kale za Wachina. Lakini hariri yenyewe haikumwandikia jina lo lote. Tena majua yaliyochorwa ni tisa, moja kubwa na manane madogo, hali hadithi husema kumi. Basi wako waliotaka kujua la kumi limejificha wapi. Sisi twaona kosa ni moja katika mambo haya mawili, yaani kuitanguliza hadithi, kisha kuilazimisha picha iitii.

Heri kuanzia pale palipo na mashahidi. Katikati ya hariri, chini ya lango la mbingu, amesimama mwanamke mzee, ameinama kidogo, ameshika mkongojo. Nyuma yake wako wanawake watatu, na mbele yake wanaume wawili wamepiga magoti. Ni nani huyu? Mwili wa Xin Zhui ulikutwa haujaoza, na madaktari walioupima walisema alikuwa na umri wa yapata miaka 50, mwenye ugonjwa wa uti wa mgongo. Basi mkongojo wa picha na mgongo wa maiti vyashuhudiana. Tena kaburi la tatu la mahali pale pale, la mwaka 168 kabla ya Kristo, lilikuwa na hariri ya namna hiyo hiyo, na katikati yake amechorwa mwanamume. Kwa mashahidi hao wawili twasema pasipo hofu kwamba aliye katikati ni marehemu mwenyewe.

Chini yake wako watu katika safu mbili, wenye vyombo vikubwa kati yao. Wengine wameiita karamu. Lakini kati yao pana kitu kikubwa kilichofunikwa kwa nguo ya marembo, na wako wenye elimu wasemao kuwa ni maiti iliyokwisha kuvikwa. Mwili wa bibi huyo ulizongwa nguo tabaka 20. Kwa hiyo sisi twaelekea kusema kwamba hapa pana matanga wala si karamu.

Wengi husema pia kwamba picha yote ni njia ya kuipeleka roho juu mbinguni. Na tutazame kaburi lenyewe. Mlikuwamo vyakula, nguo, sanamu za watumishi za mti, na vyombo vilivyoandikwa maneno ya kumkaribisha mtu ale na kunywa. Na vipande 312 vya mwanzi viliorodhesha mali hiyo. Je, hayo yote ni kwa mtu aliyekwisha kuondoka? Yaonekana waliomzika walimtakia mbingu, na huku wakamtengenezea nyumba chini ya nchi. Afasiriye neno moja na kuacha la pili amesoma nusu ya barua.

Kwa kazi ya mchoraji twamsifu. Bakuli za China zilizotiwa katika nguzo za makaburi ya Kunduchi, katika pwani yetu, ziliwekwa ili mpita njia azione. Hariri hii ililazwa kifudifudi gizani, jicho la mtu aliye hai lisiione tena; walakini mchoraji hakumfanya bibi kuwa kijana, bali alimwachia mgongo wake na mkongojo wake.

Nasi tuzingatie jambo moja. Ushahidi wote huu umepatikana kwa sababu kila kitu kilikutwa mahali pake na kikaandikwa. Kitu cha kale kikiondolewa kaburini pasipo kuandikwa kilikaaje, na pamoja na nini, hata msomaji hodari hataweza kuyarudisha maneno yake.