Mkimbizi Asiyebeba Mtu

Leo nahakiki gemu. Najua wapo watakaocheka: tangu lini gemu ikawa na fani na maudhui? Basi waende kwenye kibanda chochote cha gemu pale Kibiti mjini wawasikilize vijana wanavyobishana. Wanahakiki kuliko sisi, ila tu hawaandiki.

Mtunzi ninayemzungumzia ni Lual Mayen wa Sudan Kusini, mwanzilishi wa studio ya Junub Games iliyoko Washington, Marekani. Hakuwa wa kwanza upande wetu huu. Mkenya Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi mwaka 2007, na mwaka 2009 yeye na Mghana Eyram Tawia wakaanzisha kampuni inayoitwa Leti Arts. Kirinya alitafuta gemu yenye sura ya Kiafrika. Mayen alitafuta kitu kigumu zaidi, yaani gemu itakayosimulia yaliyompata yeye na watu wake.

Yaliyompata yameandikwa sana. Wazazi wake walikimbia vita mwanzoni mwa miaka ya 1990, naye akazaliwa njiani. Wakaingia Uganda, akaishi kambini huko kaskazini miaka 22. Mwaka 2007, wakimbizi wakiandikishwa, akaona kompyuta kwa mara ya kwanza, akamwambia mama yake kwamba anaitaka. Mama hakumcheka. Alidunduliza miaka mitatu mpaka zikatimia dola 300, laptopu ikanunuliwa. Kambini umeme hakuna, hivyo ili kuichaji kijana alitembea mwendo wa saa tatu kwa miguu. Gemu aliyokutana nayo ndani ya kompyuta ni Grand Theft Auto, ile ya kuiba magari na kupiga watu risasi. Akajiuliza, watoto waliotoka vitani wanajifunza nini hapa? Jibu lake likawa Salaam. Mwanzoni gemu hiyo ilipita kambini simu kwa simu. Baadaye mtunzi akahamia Marekani, na Desemba 2018 akatunukiwa heshima kwenye The Game Awards, sherehe kubwa ya watengenezaji wa gemu.

Sasa hapa ndipo ninapokwaruzana na waandishi wa magazeti. Soma makala kumi kuhusu Mayen, zote utawakuta mama, dola 300 na ile safari ya kuchaji. Gemu yenyewe wanaipa mistari miwili. Sifa za mtunzi zimeimeza kazi! Huko si kumheshimu msanii, ni kumhurumia, na huruma haihakiki.

Tuitazame kazi, basi. Kwa maelezo ya mtunzi mwenyewe, mchezaji wa Salaam anashika nafasi ya mkimbizi. Anakwepa mabomu, anatafuta maji, anakusanya nguvu, anatoka kwenye vita kuelekea mahali penye amani. Kwa fani, ni ile gemu ya mtu mmoja anayekimbia mbele bila kusimama, ambayo kila mwenye simu anaifahamu. Kwa maudhui, ni safari ya familia ya Mayen. Na hapo fani na maudhui vinagombana, kwa sababu Mayen hakukimbia. Alibebwa.

Sisi wa huku tunalijua jambo hili bila kufundishwa. Wazee wetu walihamishwa bondeni baada ya mafuriko ya mwaka 1968, ile Operesheni Rufiji, wakapelekwa vijiji vya nchi ya juu. Mwaka 2017, wakati wa mauaji ya Kibiti, wapo waliofunga milango wakaenda kulala kwa ndugu mbali. Aprili 2024 maji yakafunika mashamba ya mpunga Rufiji na Kibiti, na mtumbwi uliozoea kubeba magunia ukawa unabeba watu. Katika yote hayo sijasikia simulizi la mtu aliyekimbia peke yake mikono mitupu. Swali la kwanza huwa: bibi nani anambeba? Mtoto yuko wapi? Mtumbwi unachukua wangapi, na nani asubiri wa pili? Anayekimbia kwa kasi siyo shujaa wa hadithi hizi. Shujaa ni yule anayechelewa kwa sababu ya mzigo. Gemu ya mbio haina nafasi yake. Humo kuchelewa ni kufa tu.

Ajabu ni kwamba Mayen alikuwa na hadithi ya kubeba mikononi mwake. Mama aliyembeba mtoto mchanga mpaka Uganda ndiye yule yule aliyebeba wazo la laptopu miaka mitatu kimya kimya. Hebu fikiri gemu ambayo kila hatua unaamua ubebe nini na umwache nani. Ingemkosesha mtu usingizi.

Nisimwonee, lakini. Kuna sehemu moja ya mpango wa Salaam ambayo naiona ni ya kisanii hasa. Mkimbizi wako akiishiwa nguvu, unaweza kumnunulia chakula, maji au dawa kwa fedha halisi, na nia ya mtunzi ni kwamba fedha hiyo, kupitia mashirika ya misaada, imfikie mkimbizi wa kweli kambini. Hapo mchezaji anaacha kuwa mkimbiaji, anakuwa mbebaji. Ila tazama aliyebaki nje: mtoto wa kambini, yule yule aliyetungiwa gemu kwanza, hana kadi ya benki. Wala kijana wa Nyamisati hana. Kutoka simu kwa simu mpaka mnunuzi wa Marekani, hadhira imebadilika, na hadhira ikibadilika kazi hubadilika.

Nadhani Mayen mwenyewe amelihisi hilo. Baadaye alibuni Wahda, maana yake umoja, mchezo wa ubaoni usiohitaji umeme wala kadi. Watu wanakaa wakitazamana, kama wazee wanavyolizunguka bao, na mwenzako akikosea unaiona sura yake. Magazeti hayakuupigia kelele sana. Mimi ningeanzia hapo.