Fundi Anayejua Kipi Akiache

Usiku wa Jumamosi, tarehe 7 Julai 1956, mjini Newport katika jimbo la Rhode Island, mpiga saksafoni Paul Gonsalves alisogea mbele ya jukwaa akapulizia maikrofoni isiyo yake. Palikuwa na maikrofoni mbili zilizosimama karibu karibu. Moja ilikuwa ya kampuni ya santuri ya Columbia, iliyokuja kurekodi bendi ya Duke Ellington. Nyingine ilikuwa ya Sauti ya Amerika, iliyokuwa ikilinasa tamasha kwa ajili ya wasikilizaji wa redio wa ng'ambo. Gonsalves, mtoto wa wazazi wenye asili ya Cabo Verde, alipiga mizunguko 27 ya bluzi mfululizo katikati ya "Diminuendo and Crescendo in Blue", kipande alichokitunga Ellington mwaka 1937. Mwanamke mmoja akainuka kucheza, wengine wakamfuata, mwishowe uwanja ukawa wima. Pembeni, Jo Jones, mpiga ngoma aliyepata jina katika bendi ya Count Basie, alikuwa akigonga mdundo kwa gazeti alilolikunja, akiwatia wenzake hamasa. Enzi zile bendi kubwa zilikuwa zimeshapoteza soko, na wengi walimhesabu Ellington kuwa mtu wa jana. Usiku ule ulimrudisha juu. Agosti mwaka huohuo picha yake ilipamba jalada la jarida la Time.

Lakini kwenye kanda ya Columbia, mtu aliyewasha moto huo alisikika hafifu, nyuma ya wenzake, na santuri ikatoka hivyohivyo. Tena hiyo haikuwa kasoro pekee. Utunzi mpya ulioandaliwa maalumu kwa tamasha lile haukupigwa vizuri jukwaani, kwa kuwa bendi haikupata mazoezi ya kutosha. Jumatatu iliyofuata wanamuziki waliingia studio New York, wakaurudia, kisha makofi na vifijo vikapachikwa juu ya kazi ya studio. Kwa zaidi ya miaka 40 watu waliinunua santuri ile, iliyouzwa kuliko nyingine yoyote ya Ellington, wakiamini kwamba kila sauti iliyomo ilitoka Newport. Mtayarishaji wake, George Avakian, namwelewa: alifanya aliloweza kwa kanda aliyokuwa nayo. Hata hivyo makofi yale ni uongo, na uongo ndani ya rekodi ya jukwaani ni jambo zito, kwa sababu anayeinunua ananunua ushahidi wa usiku mmoja.

Kanda ya Sauti ya Amerika ilikuja kupatikana miaka ya 1990. Mwaka 1999 Phil Schaap, mtangazaji na mtafiti wa jazi, akaitoa upya shoo yote katika CD mbili, na humo Gonsalves yuko mbele, mahali pake.

Hapa nataka kukaa kidogo, maana ndipo ufundi ulipo. Kanda zote mbili zilikuwa za mono. Lakini maikrofoni mbili zilizosimama karibu, kila moja na mashine yake, zimerekodi jambo moja kutoka pembe mbili. Ukiziweka sambamba, moja sikio la kushoto na nyingine sikio la kulia, unapata stirio ambayo mwaka 1956 hakuna aliyekusudia kuirekodi. Kusema ni rahisi. Mashine mbili za kanda haziendi kasi moja hata siku moja. Chukua tofauti ndogo tu ya moja kwa elfu: katika kipande cha dakika 14, mashine moja itakuwa imeitangulia nyingine kwa zaidi ya robo tatu ya sekunde. Na sikio la binadamu halingoji robo tatu ya sekunde. Linatambua upande sauti inakotoka kwa tofauti iliyo chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kwa hiyo haitoshi kuzianzisha pamoja kanda hizo ukaziacha ziende. Lazima zifuatwe pigo kwa pigo, hii ivutwe, ile ilegezwe. Wakati huohuo, ile tofauti ndogo ya halali inayoletwa na umbali kati ya maikrofoni moja na nyingine inatakiwa ibaki, kwani sauti husafiri takribani sentimita 34 katika kila sehemu ya elfu ya sekunde. Ukiifuta tofauti hiyo, jukwaa linakuwa bapa. Ukiiacha izidi, unazaa mwangwi ambao Newport haukuwapo.

Wanaodhani kazi hii ni ya kompyuta peke yake hawajamwona fundi akiwa na kanda yenyewe mkononi. Kanda nyingi za miaka ya 1950 zina utepe wa asetati, ambao ukizeeka hukauka, hukatika kwa mvuto mdogo, na ukianza kuharibika hunuka siki. Kanda nyingi za miaka ya 1970 zina ugonjwa mwingine: gundi inayoshika unga wa sumaku hunyonya unyevu, utepe ukanata na kulia unapopita kwenye mashine. Hizi za pili hupashwa joto la chini kwa saa kadhaa ili ziweze kuchezeshwa tena; zile za kwanza ukizipasha umeziua. Kisha kuna kichwa cha mashine. Kila kanda ilirekodiwa kwa mashine ambayo kichwa chake kiliinama kidogo kwa namna yake, na asiyeifuata namna hiyo hupoteza sauti za juu. Fundi huchukua bisibisi ndogo, akageuza skrubu ya kichwa kwa kiasi ambacho jicho halikioni, huku akisikiliza matoazi tu. Hayo ndiyo yanayomwambia. Toazi lililokuwa linasikika hafifu kama limefunikwa blanketi linaanza kung'aa, linang'aa zaidi, halafu linaanza kufifia tena. Anarudi nyuma kidogo, anaacha. Hakuna programu itakayorudisha baadaye kile kilichoachwa kwenye utepe dakika hiyo.

Baada ya hapo ndipo huja suala la kelele, na hapo ndipo mafundi hutofautiana kwa tabia hata kuliko kwa ujuzi.

Kila kanda ya zamani inavuma. Mvumo huo unaweza kupunguzwa: unaitafuta sehemu ambayo hakuna anayepiga, unaifunza programu sura ya mvumo, kisha unaiamuru iuondoe kote. Tatizo ni kwamba brashi ya mpiga ngoma inapopita juu ya toazi, nayo inatoa sauti ya namna ileile, katika masafa yaleyale. Ukiondoa mvumo wote umeondoa na brashi, umeondoa na hewa inayobaki ndani ya saksafoni nota ikishaisha. Nimesikiliza rekodi zilizosafishwa hivyo. Ni tulivu, na ndani yake watu wanapiga muziki huku wamezibwa pua. Zipo pia zilizokazwa zote ziwe na nguvu moja ya sauti mwanzo hadi mwisho, ili zishindane na nyimbo za redio. Hizo sitazizungumzia sana, isipokuwa kusema kwamba jazi ya jukwaani isiyo na mnong'ono haiwezi kuwa na kishindo.

Mimi naona kuna kelele za aina mbili, na ubora wa fundi unapimwa kwa jinsi anavyozitenga. Kuna kelele za usiku ule, na kuna kelele za miaka iliyofuata. Mikwaruzo, vumbi, mvumo wa mashine mbovu, kivuli cha sauti kinachotangulia wimbo kwa sababu tabaka moja la utepe limeambukiza sumaku tabaka la jirani: hizo ni za miaka, na mwenye uwezo wa kuziondoa bila kujeruhi muziki aziondoe. Kikohozi, kiti kinachoburutwa, mtu anayemwita mpigaji kwa jina, hizo ni za usiku. Hazimhusu fundi.

Sikiliza kazi ya mpiga piano Bill Evans na wenzake wawili, Scott LaFaro kwenye besi na Paul Motian kwenye ngoma, katika klabu ya Village Vanguard, New York, Jumapili ya tarehe 25 Juni 1961. Walipiga awamu tano, mbili mchana na tatu usiku, chini ya mtayarishaji Orrin Keepnews. Klabu ile ni chumba kidogo cha chini ya ardhi, na wateja wako mle ndani pamoja na muziki. Glasi zinagongana. Watu wanaongea, wengine wanacheka katikati ya wimbo wa polepole. Besi ya LaFaro inapita chini ya maongezi yao, inapanda, inaijibu piano, na wao wanaendelea na mazungumzo ya Jumapili. Tarehe 6 Julai LaFaro alikufa katika ajali ya gari. Alikuwa na umri wa miaka 25. Wale waliokuwa wakicheka hawakujua wako mbele ya nini, na ni vicheko vyao vinavyonifanya niamini kwamba usiku ule ulikuwa usiku wa kweli, wenye bili za kulipa na mabasi ya kuwahi. Mwaka 2005 ilipotolewa kazi kamili, awamu zote kwa mpangilio wake, hata wimbo wa kwanza uliokatizwa na hitilafu ya umeme uliwekwa pamoja na lile pengo lake. Aliyeamua kuliacha pengo hilo aliheshimu wapigaji na akatuheshimu sisi.

Kuna mahali ambapo mpaka huu ni mgumu kuuona. Tamasha la mpiga klarineti Benny Goodman na bendi yake katika ukumbi wa Carnegie Hall, New York, tarehe 16 Januari 1938, lilirekodiwa kwa maikrofoni iliyoning'inizwa juu ya bendi, sauti ikapelekwa kwa waya hadi studio na kuchongwa kwenye sahani. Sahani hizo zilikaa kabatini hadi mwaka 1950, zilipotoka kama santuri. Schaap huyohuyo alipozishughulikia miaka ya 1990, aliiacha mikwaruzo mingi, na wasikilizaji wakagawanyika. Wapo waliolalamika kwamba wanasikia sahani kuliko wanavyosikia bendi. Mimi niko pamoja na Schaap, ingawa kwa kigezo changu mwenyewe mikwaruzo ile ni ya miaka, si ya usiku. Ngoma ya Gene Krupa, mpiga ngoma wa bendi ile, imo humohumo, haitengani na mikwaruzo yake, na kati ya kuiacha na vumbi na kuikwangua pamoja na vumbi, bora ibaki. Kazi ya kuitenga mwachie fundi atakayezaliwa na vifaa bora.

Hilo linawezekana tu kama kanda ipo na inajulikana ni ya nini. Tarehe 29 Novemba 1957, Carnegie Hall hiyohiyo, Sauti ya Amerika ilirekodi tamasha la hisani ambamo waliimba na kupiga Billie Holiday, Ray Charles, Dizzy Gillespie na wengine. Mpiga piano Thelonious Monk alipanda jukwaani na kundi lake la watu wanne: John Coltrane kwenye saksafoni, Shadow Wilson kwenye ngoma, na kwenye besi Ahmed Abdul-Malik, ambaye mwaka uliofuata alirekodi albamu akipiga udi. Monk na Coltrane walikaa pamoja miezi michache tu, na rekodi zao ni chache mno. Kanda za usiku ule zilihifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani, zikakaa salama, lakini kwa miaka 47 zilisahaulika. Mapema mwaka 2005 mtaalamu wa maktaba hiyo, Larry Appelbaum, alikuwa akiandaa maboksi ya zamani ili yahamishiwe kwenye kompyuta. Nyuma ya boksi moja mtu alikuwa ameandika kwa mkono jina la Monk na nyimbo kadhaa. Coltrane, Appelbaum alimtambua kwa sauti yake. Septemba mwaka huo ikatoka albamu, na ni miongoni mwa rekodi safi na kamili kabisa tulizonazo za wawili hao. Mtu yule aliyechukua kalamu simjui jina, lakini namhesabu miongoni mwa mafundi wa albamu hiyo.

Kwetu Tanzania, bendi za dansi zilijiita Jazz: Morogoro Jazz, Western Jazz, Dar es Salaam Jazz. Muziki wao ulikuwa mwingine, lakini kanda zao zinazeeka kwa namna ileile, kuanzia zile za Radio Tanzania hadi kaseti zilizorekodiwa na mashabiki kumbini na sasa zimo ndani ya masanduku majumbani. Kama unazo, usizitupe kwa sababu zinavuma. Usizisafishe kwa programu ya simu ukafuta ya asili. Ziweke mahali pakavu, mbali na spika na jua. Na leo, kabla anayekumbuka hajaondoka, andika juu ya kila boksi kwa kalamu isiyofutika: tarehe, ukumbi, jina la bendi na majina ya wapigaji wote.