Mu Strava hamuna nafasi ya makala

Nimetumia Strava miezi saba hapa Likasi. Leo nataka kuihukumu vile tunahukumuka kitabu ao filme: inasema nini, inanyamaza juu ya nini, na inatufanya tuwe watu gani. Wako wenye watasema ni programu ya telefone tu, acha maneno mingi. Sawa. Lakini kitu chenye kukuambia kila jioni kwamba leo ulikuwa mtu wa nguvu kuliko jana, kinastahili kusomwa polepole.

Kwa wenye hawaijui: unaiwasha wakati unapanda kinga, inafuata satelaiti, jioni inakuonyesha kilomita, mwendo, mita ulizopanda, na nani alikupita. Ilianza mu 2009 kule San Francisco. Jina lake ni la Kiswidi, maana yake kujitahidi.

Sisi tulianza Oktoba 2025. Mwezi wa mbele yake Kigali ilikuwa imepokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabara, mara ya kwanza Afrika, na tulikaa kwa rafiki mwenye televizio tukimwangalia Pogačar anavyowaacha wengine mu milima. Mwaka wa mbele, Biniam Girmay wa Eritrea alikuwa amechukua jezi ya kijani ya Tour de France. Mmoja wetu akasema: milima hata sisi tuko nayo. Ni kweli. Likasi iko mita 1300 hivi juu ya bahari, na mwenye kukulia Kikula ao Panda anajua hiyo kwa magoti yake. Tulikuwa sita, wote na lisansi, wawili na kazi.

Kuna jambo lenye hatukulisema siku ile. Hapa kwetu kinga si mchezo. (Neno lenyewe tunalishiriki na Wabemba, wenye kusema incinga. Mu Kiswahili cha vitabu kinga ni kitu cha kukulinda, na nitarudi hapo.) Kinga ni chombo cha mtu wa makala. Jua halijatoka bado, wanaume wanaingia mjini wakisukuma Phoenix nyeusi, mifuko mitatu ao mine ya makala imefungwa nyuma kwa kamba zenye zilikatwa mu mipira ya ndani ya magurudumu ya zamani. Freni haifanye kazi. Mtu anashuka kilima akikanyaga tairi kwa sandali. Sasa wewe mwenye ulisoma miaka mitano, watu wakuone juu ya kinga, mama jirani atamuuliza mama yako kwa sauti ya huruma: « Mutoto wako njo amefikia pale? »

Kwa hiyo, mbele ya kununua kitu cha kutusaidia kupanda milima, tulinunua alama za kuonyesha kwamba hatuendi kuuza kitu. Nguo ya kubana ya rangi ya chungwa. Miwani. Chupa ya maji yenye kishikio chake. Mimi nilinunua vetete ya mkono wa pili, halafu kaske, halafu kigango cha kushikia telefone ku usukani. Pompi hapana! Sikufikiri hata kidogo. Jumamosi ya tatu gurudumu likatoboka mbali na mji, na mwenye aliniziba alikuwa kijana wa makala, kwa kipande cha mpira na gundi yake mwenyewe, kwa dakika kumi, bila kuniomba hata franka. Niliona haya juu ya zile nguo. Kaske yangu ilikuwa diplome ya pili, na Strava njo ilikuwa muhuri juu ya diplome: ushahidi wenye saa na tarehe kwamba huyu bwana alikuwa anatembea kwa kupenda.

Nisiidhulumu lakini. Iko na uzuri wake. Kwanza haikule mega ukiwa njiani: satelaiti haziombe mega, unatuma safari ukirudi nyumbani. Inakula betri, hiyo ndiyo. Pili, na hapa nazungumza na wenzangu wenye wanajua: mtu anakaa miaka mbili akipeleka dosie, hakuna hata kampuni moja inamjibu, hata kusema hapana. Halafu programu inamjibu kila siku. Inamwambia umepanda mita 340, ni mara yako nzuri ya tatu. Rafiki anamgongea kidole. Usicheke. Kuna miezi nilitoka kitandani juu ya hiyo tu. Mwenye kuichapa Strava bila kukubali jambo hili hajakaa bila kazi.

Shida inaanza ku vipande. Mtumiaji anaweza kukata kipande cha barabara, akakipa jina, na programu inapanga kila mwenye kupita pale kwa muda wake. Wa kwanza anapewa taji. Ku milima wanamwita Mfalme wa Mlima. Sisi tulikata vipande viwili ku kilima kimoja mbele ya kuingia mjini. Kimoja cha kupanda, kimoja cha kushuka. Jina la kilima nitaacha, mutaona sababu. Kupanda nilikuwa wa pili. Kushuka nilikuwa wa pili vilevile, sekunde mbili nyuma ya rafiki yangu, na sekunde mbili ni kitu kidogo sana mpaka uilale nayo usiku.

Februari, asubuhi ya kisha mvua, nilishuka kile kilima peke yangu. Ku kona palikuwa papa mmoja anasukuma makala yake kupanda. Alikuwa mahali pake, pembeni. Mimi njo nilikuwa katikati, tena nyuma ya katikati. Nilifunga freni, tope ikanichukua, nikapita karibu naye sana, akatupa kinga kwenye mtaro ili nisimgonge, na mimi nikaanguka mbele zaidi. Strava haikunisukuma. Mikono ilikuwa yangu. Kaske ilipasuka upande wa kushoto, kichwa hapana, na pale njo nilielewa Kiswahili cha vitabu: kinga ni kitu cha kukulinda.

Yeye hakulia, hakutukana. Mufuko moja ulikuwa umepasuka, makala mu maji. Tulianza kuokota. Kisha muda akaona telefone yangu ku usukani, bado inahesabu.

— Mwana, ulikuwa unakimbia nini?

— Hakuna kitu, papa.

— Mutu anakimbia hivi, kuko kitu.

Nikamwonyesha. Ile orodha ya majina, sekunde, taji. Alipangusa kidole kwa suruali mbele ya kugusa kioo. Aliuliza ukishinda banakupa nini, nikasema hakuna, ni ile taji tu. Aliangalia tena. Halafu akauliza, bila mzaha:

— Na miye, niko wa ngapi?

Alikuwa ametoka kwao saa nane ya usiku.

Nilinunua ule mufuko wa kupasuka, nikalipa na wa pili, na hiyo haikutosha, najua. Lakini swali lake nililipeleka nyumbani. Sisi wenye tulifanya fizika tuko na deni la kulijibu, basi tulijibu. Kilima kiko na kilomita moja hivi, kinapanda mita 50. Mimi na vetete yangu ni kilo 78. Yeye tuseme kilo 65, Phoenix 20, mifuko mitatu ya kilo 50 (mmoja ulinishinda kuinua peke yangu): jumla 235. Kupandisha uzito ule mita 50 ni kazi ya kilojuli 115. Yangu ni 38. Mara tatu. Hapo nimeacha msuguano wa tope, wenye unamuumiza yeye kuliko mimi. Mimi napanda kwa dakika 4, ni wati 160, halafu nasimama juu nanywa maji, napiga picha. Yeye kwa dakika 15 ni wati karibu 128, na juu ya kilima kazi yake haijaisha, na nyuma yake kuko saa nne za giza. Kwa wati za ile dakika namshinda kidogo, nakubali. Kwa kingine chote hapana. Lakini kwa Strava angekuwa wa mwisho, kwa mbali sana, kwa sababu dakika 15 ni nyingi kuliko dakika 4. Hesabu yake imeisha pale.

Mutaniambia: ni programu ya michezo, usilaumu kijiko juu hakikati nyama. Ningekubali kama ingesema hivyo. Lakini Strava inamwita kila mtumiaji mwanariadha, na inakupa mahali pa kuandika uzito wako na uzito wa kinga yako ili ikadirie nguvu. Mahali pa mzigo, hapana. Unaweza kudanganya, uandike kinga ya kilo 170, lakini ngazi ya washindi inapangwa kwa muda tu. Wenye waliichora walifikiria mtu mmoja: mwenye kinga nyepesi, barabara tupu, na asubuhi yenye hana deni kwa mtu. Huyo si mtu mbaya. Mimi nilikuwa nataka kuwa yeye. Tena hata kwa michezo mitupu wanakosa: mu Rwanda, kati ya wakimbiaji wa kwanza wa timu ya taifa walikuwemo wenye walikuwa wakibeba abiria na viazi kwa baiskeli. Miguu ilitoka pale.

Kuna ile ramani yao ya dunia, ya Novemba 2017, yenye kuwaka mahali watu wanakimbia na kupanda baiskeli. Januari 2018 mwanafunzi mmoja wa Australia aliona kwamba mu inchi zenye vita ramani ilikuwa giza, ila vituo vya wanajeshi wageni viling'aa, juu askari walikuwa wanakimbia na saa zao ku mkono. Dunia ilisema juu ya siri za jeshi. Mimi nafikiri zaidi juu ya ile giza. Katikati ya giza kulikuwa watu wanatembea, wanasukuma, wanapanda. Nilifungua ramani upande wetu, nikaona kamstari kembamba. Nikajua ni sisi sita. Njia za makala, zenye zinapitwa kila siku ya Mungu, zilikuwa nyeusi.

Na kuhusu kushuka: mu 2010, mwendesha baiskeli mmoja alikufa ku mteremko wa Berkeley, California, na familia yake ikasema alikuwa anatafuta kurudisha rekodi yake. Walishtaki Strava mu 2012. Mahakama iliitupa kesi mu 2013. Kwa sheria mahakama haikukosea, nafikiri. Mwenye kushika freni ni wewe. Lakini tangu Februari sisomi tena habari ile kama ya mbali.

Kwa hiyo nilifanya nini. Programu iko na kitufe cha kutangaza kipande kuwa hatari. Kisha hapo hakuna ngazi, hakuna taji. Nilikibonyeza. Rafiki yangu mwenye taji alikasirika, akaandika mu grupu kwamba nimeua kipande kwa sababu nilishindwa kumpita sekunde mbili. Sina jibu safi. Sekunde mbili zilikuwa zinaniuma, ni kweli, na papa wa makala aliingia mu mtaro, ni kweli vilevile. Mwingine akasema tuhamie ku barabara kubwa, kule kwenye makamyo ya shaba na kobalti yanapita kutoka Kolwezi kwenda Lubumbashi na Kasumbalesa. Hapana. Ile si kilima, ile ni kaburi yenye lami.

Strava bado iko mu telefone yangu. Naiacha ihesabu kilomita za mwezi, juu napenda kujua mnyororo umefanya ngapi mbele ya kuubadilisha. Ngazi za washindi sifungue tena. Ile nguo ya chungwa ninaivaa bado, kwa sababu nyingine sasa: kwenye ukungu wa asubuhi inaonekana, na mtu mwenye anasukuma kilo 150 anastahili kuniona mbele sijafika.

Kwa wenye wanauliza mu koment za chini waanze na nini: kinga yoyote yenye freni mbili zinazoshika. Pompi, kipande cha mpira, gundi. Kengele, hata ya mkopo. Kaske ukipata. Telefone iache mu mfuko.

Jumamosi hii tunatoka saa kumi na mbili asubuhi. Ku kilima tunashuka mstari mmoja, polepole, upande wetu, na kupanda tunapanda nyuma ya watu wa makala mpaka watupe njia wenyewe. Mwenye taji amesema atakuja. Kama hamuna kaske mukuje hivyo, tutaenda pole.