Ntulanalwo na Bulihwali, watoto wanaosahaulika

Watu wakiitaja riwaya ya Aniceti Kitereza huishia kwa Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Jina lake kamili linaendelea: Ntulanalwo na Bulihwali. Kwangu mimi hao wawili wa mwisho ndio wenye riwaya.

Kitereza, Mkerewe wa Ukerewe, aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, kisha akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House wakaitoa 1980. Majina aliyaacha yalivyo, na ukisoma mbiombio yanakupita. Ntulanalwo ni sentensi nzima: naishi nacho, yaani kifo. Bulihwali ni swali: uchungu huu utakwisha lini?

Sasa ikumbuke hadithi yenyewe. Nyumba haina mtoto, ndugu wa mume wanamsimanga Bugonoka, wazazi wake wanamchukua, Myombekere anahangaika na pombe ya ndizi mpaka arudishiwe mke. Halafu mganga na dawa. Mtoto akija, wewe msomaji unangoja jina la shangwe. Anapewa la kifo!

Huku Malampaka majina ya matukio tunayo tele. Mabula ni wa mvua, Mayala wa wakati wa njaa, Kulwa na Doto mapacha, Shija kawafuata. Ila hayo yanasimulia tu kilichotokea. La Ntulanalwo linaongea na kifo ana kwa ana.

Waslavi nao wanalo la namna hiyo. Vuk Karadžić, Mserbia aliyezaliwa 1787 na kuja kutunga kamusi ya lugha yake, aliitwa Vuk, maana yake mbwa mwitu. Watoto waliomtangulia walikuwa wamekufa, na iliaminika wachawi hawathubutu kumla mbwa mwitu. Jina lile ni kitisho. La Kitereza halimtishi mtu. Nalisoma kama mzazi anayekiambia kifo: najua upo humu ndani, hata sijifichi.

Ndiyo maana siwaelewi wanaoisifu riwaya hii kama ghala la mila tu, uvuvi, pombe, matambiko. Vimo, tena kwa kurasa nyingi mno, mengine ningeyapunguza. Lakini siku hizi kuna wanaowashauri kina Shida, Tabu na Mateso wabadili majina eti yanaita mikosi. Wamsome Ntulanalwo: anakua, anaoa, anakuwa mtu mzima mwenye mji wake. Mwandishi hamwadhibu kwa jina alilopewa. Na aliyeandika hivyo alizeeka na mkewe Anna bila mtoto ndani ya nyumba.

Kinachonishika zaidi ni yule binti. Bahati imeshaingia, ungedhani sasa watatulia wamwite Furaha. Kaka yake yupo, mzima, na bado wazazi wanauliza: lini?