Mbolezi ya Mbali: Msiba wa Machimboni na Ushairi wa Kiswahili

Methali ya kale yasema: kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Maneno haya machache yamepanga adabu nzima ya matanga. Aliye karibu na jeneza ndiye wa kwanza kutoa sauti, jirani hufuata, na mgeni huja mwisho akakaa ukingoni mwa mkeka. Lakini methali haikumfikiria mfiwa ambaye yeye mwenyewe ndiye wa mbali: maiti wake yumo chini ya ardhi ya nchi nyingine, hapana jeneza la kulizunguka, na nyumbani watoto wanataka kula. Mfiwa wa namna hiyo aanze vipi kilio, na nani aingie nyuma yake? Swali hili ni la ada, na ni la ushairi pia. Ushairi wa Kiswahili, pamoja na utajiri wake wote wa mbolezi, haujalijibu vya kutosha.

Mahali pa kulipimia ni Tunduma, mji wa mpakani uliokuwa ndani ya Mkoa wa Mbeya hadi mwaka 2016, ulipoundwa Mkoa wa Songwe. Ng'ambo yake ni Nakonde ya Zambia, na Wanyamwanga wanakaa pande zote mbili za mpaka. Tangu enzi za ukoloni wanaume wa Nyanda za Juu Kusini walivuka kwenda kutafuta kazi katika migodi ya shaba, na wengine wakafika hadi kwenye dhahabu ya Afrika Kusini. Alfajiri ya tarehe 25 Septemba 1970, huko Mufulira, tope la mabaki ya uchimbaji lililokuwa limehifadhiwa juu ya mgodi lilititia, likawamiminikia wachimbaji wa zamu ya usiku. Walikufa watu 89, na si wote walioweza kutolewa. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 26 Oktoba 1970, likawekwa Dar es Salaam jiwe la msingi la reli ya TAZARA, reli ambayo ingepita Tunduma ikiichukua shaba ya Zambia hadi bandarini. Hata kabla ya reli, baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru mwaka 1965, shaba hiyo ilikuwa ikipita hapo juu ya malori. Hali ya mji ikawa hii: kilichochimbwa hupita mlangoni, aliyekichimba hapiti.

Msomaji wa pwani asidhani kuwa habari hii si yake. Njia za kazi na za vita ndizo zilizoichukua ngoma ya beni kutoka Lamu na Mombasa, ikavuka bara, ikaja kuchezwa na wachimbaji wa ukanda wa shaba. Na mwanahistoria Terence Ranger ameieleza safari hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1975. Pwani iliwapelekea wachimbaji ngoma ya kuchezea. Mbolezi haikuwapelekea.

Sababu moja ni ya msamiati. Mshairi wa visiwani anajua kuililia bahari kwa kuwa bahari imo katika lugha yake. Anayo mawimbi, dhoruba, nahodha, tanga na gati, na kila neno limekwisha kubeba majonzi ya vizazi. Jahazi ni mwili, bandari ni kifo au amani, na msikilizaji hahitaji kufasiriwa. Shimo la mgodi halina hazina kama hiyo katika ushairi. Wachimbaji wenyewe wanayo maneno, kama vile duara kwa maana ya shimo la kuchimbia, na wana-apolo wa Mererani wana lugha nzima ya kazi yao. Maneno hayo, hata hivyo, ni nadra kupokewa kwenye vina. Mshairi anayetaka kumlilia mchimbaji hujikuta akimwazima maneno ya baharia, na maiti wa mwamba akazama majini.

Sababu ya pili ni ya mazoea, nayo ni nzito zaidi. Tungo za maafa zinazochapishwa magazetini kila litokeapo janga aghalabu zina umbo moja: ubeti wa kwanza hutaja tarehe, wa pili idadi, wa tatu na wa nne hutoa pole kwa viongozi na kwa taifa, na wa mwisho hukabidhi kila kitu kwa kudra. Hapana ubaya katika kumkabidhi Mola aliyekufa. Ndiyo imani ya msomaji na ndiyo faraja yake. Ubaya ni haraka. Utungo unaofika kwenye kudra kabla ya kufika kwenye nyumba ya mfiwa umeruka mahali ambapo msiba unakaa. Tena kudra hutumika kufunika mkono wa mtu: tope la Mufulira lilikuwa mabaki ya kazi ya binadamu, nalo lilirundikwa na watu juu ya vichwa vya watu.

Jambo la kustaajabisha ni kuwa mfano bora wa kufika nyumbani umo katika ushairi wa Kiswahili wenyewe, tangu mwanzoni mwa karne ya 19. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, anaililia Pate kwa kuingia vyumbani mwake. Anatazama vidaka vilivyopangwa vyombo vya thamani, na sasa ndege wamefanya viota humo. Hakuna hesabu ya waliokufa inayolingana na kiota kile. Ajabu ni kwamba Mwingereza Philip Larkin, katika shairi lake kuhusu mlipuko wa mgodini lililomo katika diwani yake ya mwaka 1974, naye alifika kwenye kiota. Mchimbaji anakiokota kiota chenye mayai akienda kazini asubuhi, na mwishoni, baada ya vifo, mayai yanaonekana hayajavunjika. Viota viwili hivi vinasema mambo mbalimbali. Kile cha Pate kinashuhudia kuwa wenyeji wameondoka. Kile cha Larkin kinashuhudia kuwa kitu dhaifu kimebaki kizima mkononi mwa aliyevunjika. Lakini washairi wote wawili waliamini kuwa kitu kidogo kikitazamwa kwa makini hubeba msiba ambao maneno makubwa hayauwezi.

Mwana Kupona naye ana la kufundisha. Utenzi wake wa mwaka 1858 si mbolezi. Ni wasia wa mama mgonjwa kwa binti yake. Hata hivyo kifo kimo katika kila ubeti, kikikaa pamoja na maji ya kuoga, manukato na kazi za nyumba. Na umbo la utenzi lenyewe limeumbwa kwa hali hii. Vipande vitatu vya mwanzo hubadili kina kutoka ubeti hadi ubeti, kama kazi za siku zinavyobadilika: kuni, maji, mtoto kwenda shule. Kipande cha nne hurudi daima kwenye kina kile kile hadi mwisho wa utenzi. Hivyo ndivyo majonzi ya mbali yalivyo. Hayamzuii mtu kupika. Humrudia tu mwishoni mwa kila kazi, kwa sauti ile ile.

Itapingwa kuwa ushairi wa namna hii utapoteza haki jikoni: msomaji atalia kwa ajili ya sufuria na kumsahau mwenye mgodi. Hofu hiyo si ya kupuuzwa. Lakini Tunduma inaijibu yenyewe, kwa kuwa huko mlango wa nyumba na barabara ya shaba ni jirani. Mjane akitoka kumwaga maji machafu analiona lori. Mshairi hana haja ya kuhutubia. Amwache mjane asimame, na lori lipite.

Wala jambo hili halikuishia mwaka 1970. Mwishoni mwa mwaka 2023 mvua kubwa ziliporomosha ardhi juu ya wachimbaji wadogo huko Chingola, katika ukanda ule ule wa shaba. Januari 2024 ardhi iliporomoka huko Bariadi, Simiyu, wakafa zaidi ya watu 20. Katika Mkoa wa Songwe wenyewe wapo wachimbaji wadogo wa dhahabu wanaoshuka mashimoni kila siku. Habari zao sasa hufika kwa simu, pengine mama akiwa anachambua mchele, na mchele ule utapikwa vilevile jioni.

Ushairi wa pwani una ala zote za kuipokea saa hiyo: jicho la Al-Inkishafi, subira ya Mwana Kupona, na kina kinachorudi. Kilichobaki ni kuyakaribisha maneno ya mchimbaji na kuacha haraka ya kufariji. Mfiwa wa Tunduma ameanza kilio chake zamani, kwa sauti ya chini, kati ya kazi na kazi. Wa mbali ndio ambao hawajaingia.