Wanasesere wanne, maswali manane: kipimo cha akina Clark kilivyoundwa

Ukitaja kesi ya Brown ya mwaka 1954, iliyobatilisha utengano wa rangi katika shule za umma Marekani, hakosi mtu wa kukukumbusha habari ya wanasesere. Jaribio lenyewe lilivyopangwa ni wachache wanaolijua, na huko kwenye mpango ndiko kwenye ufundi wake, na ndiko kwenye ufa wake pia.

Aliyeanza ni Mamie Phipps Clark, mzaliwa wa Hot Springs, Arkansas, aliyesoma katika shule zilizotengewa Weusi. Mwaka 1939, akiwa Chuo Kikuu cha Howard, tasnifu yake ya uzamili ilihusu namna mtoto Mweusi ambaye hajaanza shule anavyojitambua. Mumewe, Kenneth, akaungana naye, na hatimaye sifa nyingi zikamwendea mume. Ndiyo kawaida ya mambo hayo.

Vifaa vilikuwa rahisi: wanasesere wanne waliovaa nepi tu, wawili weupe wenye nywele za njano, wawili wa kahawia wenye nywele nyeusi. Watoto walikuwa 253, wa miaka 3 hadi 7. 134 walitoka Arkansas, kwenye utengano, na 119 Springfield, Massachusetts, walikosoma pamoja na Wazungu. Nusu yao walipangiwa wanasesere kwa mfuatano mmoja, nusu kwa mfuatano uliogeuzwa, ili mtoto anayeokota tu wa kwanza asivuruge hesabu.

Ufundi mkubwa zaidi uko katika mpangilio wa maswali. Manne ya kwanza ni ya upendeleo: nipe unayependa kucheza naye, nipe aliye mzuri, nipe anayeonekana mbaya, nipe mwenye rangi nzuri. Matatu yanayofuata yanapima kama mtoto anazitambua rangi za watu. La mwisho kabisa: nipe anayefanana nawe. Katika majaribio ya awali waligundua kwamba mtoto akishasema “huyu ndiye mimi”, humtetea huyo huyo katika maswali yanayofuata. Swali la nafsi lingetangulia, majibu ya upendeleo yangekuwa ya kujihami.

Matokeo: asilimia 67 walitaka kucheza na mweupe, na asilimia 59 walisema wa kahawia ndiye anayeonekana mbaya. Mtu asiseme hawakuelewa, kwa sababu zaidi ya asilimia 90 walimtambua barabara anayefanana na mtoto wa Kizungu. Swali la mwisho liliwachoma baadhi yao. Wawili walitoka chumbani mbio wakilia, wasibembelezeke.

Mwaka 1951 mawakili wa NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, walimpeleka Kenneth katika wilaya ya Clarendon, South Carolina. Alipima watoto 16. Kumi walimpenda mweupe, 11 wakamwita wa kahawia mbaya. Ushahidi huo ukaingia mahakamani, na Mahakama ya Juu ilipotoa hukumu ya Brown, tanbihi yake ya 11 ilianza na andiko la Kenneth.

Sasa ufa. Pale Clarendon hapakuwa na kundi la kulinganisha, na 16 ni wachache mno. Kundi la kulinganisha lilikuwepo katika utafiti wa kwanza, ule wa watoto 253, nalo halikusaidia hoja ya mawakili: waliosema wa kahawia ni mbaya walikuwa asilimia 49 kusini na asilimia 71 kaskazini, ambako shule zilichanganya rangi. Kenneth alijibu kwamba utulivu wa watoto wa kusini ulikuwa dalili ya kukubali unyonge wao. Huenda ni kweli. Lakini maelezo yanayomeza matokeo yoyote yale, yawe juu au chini, hayana namna ya kupimwa.

Kwa maoni yangu, chombo kilikuwa kizuri na kilipima kitu halisi: dharau ya nchi nzima ilivyomfikia mtoto wa miaka mitatu, awe Arkansas au Massachusetts. Hakikupima madhara ya jengo la shule peke yake, na mahakama haikukihitaji kwa hilo, maana utengano ulikuwa dhuluma hata kama watoto wote 253 wangemchagua wa kahawia. Kwa hiyo wewe unayelinukuu jaribio hili darasani au gazetini, nukuu na takwimu za Springfield.