Sikio Ukutani mwa Jiko

Guta, ufukweni mwa Ghuba ya Speke wilayani Bunda, udongo mweusi wa mbuga huvimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Kwa jiko haufai. Ajuaye kazi huupita, akaenda kichuguuni, ambako mchwa wameshauchambua udongo na kuushikamanisha kwa mate yao. Hulowesha bonge, akalibingirisha liwe kamba nyembamba, akaizungushia kidoleni. Ikikatika, mchanga umezidi. Ikijikunja, kazi inaanza.

Naiita kazi hii ufundi, na inaniuma kuisikia ikiitwa tu mradi wa akina mama. Mafiga matatu yametulisha tangu enzi za mababu, siyatukani. Ila moto wake huchezewa na upepo pande zote, mtoto anayetambaa hana kinachomzuia, na moshi hukaa kifuani mwa mpishi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 mwaka 2020.

Jiko banifu lina mdomo mmoja wa kuni na ukuta mnene. Kati ya ukuta na sufuria huachwa upenyo wa unene wa kidole: ukibana, moto hukosa pumzi, ukiachia, joto hupotea. Tena lazima listahimili ugali wa muhogo! Kuusonga ni kazi ya mabega, na jiko linaloyumba humwaga chakula na kumuunguza mtu. Likishajengwa hukaushwa polepole kivulini, na hapo ndipo wenye haraka huliharibu.

Halimalizi moshi wote. Mkakati wa taifa wa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034. Lakini mtungi wa gesi hujazwa kwa fedha, na fedha ya mama wa kijijini hutoka mikononi mwake. Ndiyo maana kikundi cha wanawake kina umuhimu: majiko yakikauka, ukindu unasukwa, mikeka inauzwa pamoja. Hata mkopo wa halmashauri usio na riba, ile asilimia 4 ya mapato yake ya ndani inayotengewa wanawake, hupewa kikundi.

Moto wa kwanza huwashwa mdogo, kwa vijiti vya pamba, unyevu utoke taratibu. Mjenzi huchutama, sikio karibu na ukuta, akisikiliza kama kuna ufa unaolia.